Ofa ya mdomo ya Juni au barua ya Agosti: mzazi ashike ipi?

Saa sita na dakika nne usiku simu ya binti yetu ilianza kutetemeka juu ya meza ya jikoni, pembeni ya sahani ya maandazi ambayo hakuna aliyeigusa. Ilikuwa Juni 15, siku ambayo makocha wa vyuo huruhusiwa kuanza kumpigia mtoto wa darasa lake. Alikuwa amemaliza darasa la kumi wiki mbili nyuma, bado hajatimiza miaka 16, beki wa kati, na hapa Ohio kila mtoto wa klabu yake alikuwa macho usiku ule kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Hadi saa saba zilikuwa zimeingia meseji tatu na simu moja. Simu ndiyo iliyoleta kasheshe. Kocha msaidizi wa chuo cha Divisheni ya Kwanza, jimbo la mbali, alisema wanampa nusu ya gharama kwa miaka minne, na wangependa jibu ndani ya siku kumi.

Mama yake alingoja simu ikatwe, akanigeukia. "Baba watoto, hii ni skolashipu au ni maneno?"

Ni maneno. Yanaweza kuwa maneno ya mtu mkweli, na mengi hutimia, ila usiku ule karatasi haikuwapo, na kwa sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, isingeweza kuwapo. Naandika ulinganisho huu kwa wazazi wenzangu wa Columbus, Minneapolis, Dallas na kwingineko Marekani ambao watoto wao wamekulia ndani ya mfumo huu, nasi tumeukuta ukubwani. Ushike ofa ya mapema, au usubiri karatasi? Niseme tangu sasa kwamba mimi naelemea kusubiri, isipokuwa kwa mtoto wa aina moja ambaye nitamweleza mbele.

Vitu viwili, jina moja

Kwenye sherehe zetu mtu akisema "mwanangu kapata skolashipu" anaweza kuwa anasema moja kati ya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni ahadi ya mdomo. Kocha anasema nafasi ipo, mtoto anasema amekubali, picha inapanda Instagram amevaa kofia ya chuo, shangazi wa Tanga anaweka mioyo. Ahadi hiyo haimfungi kocha wala haimfungi mtoto. Kwetu ningeifananisha na posa iliyopokewa bila kishika uchumba. Watu wamekunywa chai, wamecheka vizuri, lakini yeyote akiamka kesho na neno jingine hakuna mshenga wa kurudi kumdai.

La pili ni ofa ya maandishi ya msaada wa fedha, inayotoka chuoni, yenye kiasi na muda, inayosainiwa na mtoto pamoja na mzazi. Divisheni ya Kwanza hairuhusiwi kuitoa kabla ya Agosti 1 ya mwaka wa darasa la kumi na mbili, ule wa mwisho wa sekondari, na michezo mingi husaini Novemba. Zamani iliambatana na barua maarufu kwa kifupi chake, NLI, iliyokuwapo tangu 1964. NCAA iliifuta Oktoba 2024, na sasa karatasi ya kuangalia ni ile ya fedha yenyewe.

Piga hesabu. Kutoka Juni 15 baada ya darasa la kumi hadi Agosti 1 ya darasa la kumi na mbili ni miezi 13 na nusu. Hadi Novemba ya kusaini ni miezi 17. Muda wote huo mtoto aliyekubali mapema anaishi kwa neno la mtu mmoja.

Na kuna kingine ambacho sikukijua mpaka usiku ule. Kwa soka ya wasichana, kama ilivyo kwa michezo mingi, ziara za kwenda kuonana na kocha chuoni zinaruhusiwa kuanzia Agosti 1 kabla ya darasa la kumi na moja. Sisi tulipewa siku kumi kuanzia Juni 15. Maana yake tulitakiwa kukubali mahali ambapo mtoto hajakanyaga, hajala kwenye kantini yao, hajaona wachezaji wanavyozungumza na kocha wao wanapokosea. Mama yake alisema hata kiwanja Kigamboni hununui hivyo.

Tulikotoka palikuwa pabaya zaidi

Februari 2010 mtoto wa miaka 13 aitwaye David Sills, wa Delaware, darasa la saba, alikubali ofa ya chuo cha USC cha California kucheza futiboli ya Kimarekani kama mrusha mpira. Aliyempa ofa ni Lane Kiffin, kocha aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa pale. Septemba 2013 Kiffin alifukuzwa kazi, mtoto akiwa bado sekondari. Ahadi ikayeyuka. Sills alikwenda West Virginia, akabadilishwa nafasi akawa mpokeaji, na kwa nafasi hiyo ya pili akafika NFL, ligi ya kulipwa. Naomba uishike habari hii, maana ndani yake mna mambo mawili nitakayoyarudia: kocha aliondoka, na mwili wa mtoto ukaamua jambo ambalo hakuna aliyeliona akiwa na miaka 13.

Kwa wasichana hali ilikuwa ya kimya zaidi lakini imeenea mno. Kwenye soka, lacrosse (mpira wa kudakwa kwa fimbo zenye wavu) na softball (mpira wa kupigwa kwa gongo) watoto wa darasa la nane na la tisa walikuwa wakikubali vyuo kabla hawajajua watasoma nini. Sheria ilimkataza kocha wa chuo kumpigia mtoto simu. Haikumkataza kupokea. Basi kocha wa chuo anamwambia kocha wa klabu, "mwambie anipigie kesho saa kumi na mbili jioni," na mtoto wa miaka 14 anakaa kitandani na simu mkononi, jasho linamtoka, anajifunza kuomba kazi.

Makocha wenyewe wa lacrosse walichoka wakaomba breki. Aprili 2017 NCAA ilizuia mazungumzo ya usajili kwenye mchezo huo mpaka Septemba 1 ya darasa la kumi na moja, hata kama mtoto ndiye aliyepiga simu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya softball. Mwaka 2019 ukaja utaratibu unaohusu michezo mingi tuliyonayo kwenye jamii zetu, riadha na soka zikiwamo: mazungumzo kuanzia Juni 15 baada ya darasa la kumi, ziara kuanzia Agosti 1. Ndiyo sababu simu zinalia usiku wa manane siku hiyo. Futiboli ya Kimarekani ina kalenda yake, na huko ofa kwa watoto wa darasa la nane bado zinasikika. Nyingi kati ya hizo ni za kupigia picha. Ukimuuliza kocha kama mtoto anaweza kusema "nimekubali" leo, anaanza kuzunguka.

Kwa hiyo siku hizi "mapema" ni miaka 15 au 16, si 13. Nafuu ni kubwa. Swali ni lilelile.

Fedha: nusu ya nini?

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika bila mtu kutudanganya.

Kwa miaka mingi NCAA iliweka ukomo wa skolashipu kwa kila mchezo. Futiboli ya ngazi ya juu ilikuwa na 85, nzimanzima. Voliboli ya wasichana 12, nzimanzima, na kikapu cha wasichana 15. Soka ya wasichana ilikuwa na 14, lakini hizo 14 kocha aliruhusiwa kuzikatakata kwa kikosi kizima cha wachezaji ishirini na kitu au thelathini. Soka ya wavulana ilikuwa na 9.9, hesabu ya kugawana samaki mmoja msibani. Riadha vilevile ni ya vipande. Ndiyo maana mtoto wa soka akisema amepata skolashipu, swali la kwanza ni kipande gani.

Juni 6, 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, iitwayo kesi ya House, na vyuo vilivyojiunga nayo vikaacha ukomo wa skolashipu vikachukua ukomo wa kikosi. Soka ya wasichana sasa ni wachezaji 28, na chuo kikitaka kinaweza kuwalipia wote. Kikitaka. Hakuna kinachokilazimisha, na fedha nyingi mpya zinakwenda futiboli na kikapu. Vyuo ambavyo havikujiunga vimebaki na mipaka ya zamani. Kwa hiyo kabla hujaifurahia asilimia, uliza chuo kiko upande upi.

Sasa asilimia yenyewe. Usiku ule nilichukua bahasha ya bili ya umeme nikaandika nyuma yake. Chuo cha mbali, gharama zote kwa mwaka: dola 58,000. Nusu yake ni 29,000, na nusu nyingine ni yetu. Chuo cha serikali cha hapa jimboni kwetu, kwa mkazi, chumba na chakula ndani yake: kama 30,000. Ile nusu iliyotufanya tuamshane usiku ilikuwa inatuokolea dola 1,000 kwa mwaka kulinganisha na mtoto kwenda chuo cha jirani bila kugusa mpira kabisa. Bado hujaweka nauli ya ndege Novemba, Desemba, Machi na Mei.

Na je, nusu hiyo ni ya ada peke yake, au ya ada, chumba, chakula na vitabu? Kocha msaidizi alisema "gharama". Neno hilo kwenye simu ya saa sita usiku linaweza kubeba chochote. Kwenye karatasi halina uhuru huo, na huo ndio uzito wa karatasi kuliko maneno. Vilevile muda: tangu 2012 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vinaruhusiwa kutoa msaada wa miaka zaidi ya mmoja, lakini kuruhusiwa si kufanya. Karatasi husema mwaka mmoja au minne. Ndani ya muda ulioandikwa, chuo hakiwezi kukupunguzia kwa sababu umeumia au umeshuka kiwango. Ahadi ya mdomo haina muda ulioandikwa, kwa hiyo haina cha kulindwa.

Upande mmoja ambao ofa ya mapema inashinda kwenye fedha ni huu: kocha akiwa na bajeti yote ya mwaka ule mkononi, wa kwanza kukubali mara nyingi hukatiwa kipande kinono. Anayekuja mwishoni hugawiwa kilichobaki. Nimeliona hili kwa macho kwenye klabu yetu, sitalificha.

Nani anashika ahadi?

Mwenye ahadi ni kocha, mwenye hela ni chuo. Kocha akiondoka, anaondoka na ahadi zake kichwani.

Watu wa Simba na Yanga hawahitaji kuelezwa hili. Kocha mpya akishuka uwanja wa ndege, nusu ya kikosi inaanza kuulizana. Vyuoni ni hivyohivyo, ila mchezaji aliyeshasaini ana mkataba wa kumkingia kifua, na mtoto wa darasa la kumi na moja ana picha ya Instagram. Kocha mpya atampigia, atakuwa mpole, atasema "tunapitia upya mahitaji yetu". Mtoto hajakosa kitu. Ameishiwa tu na mtu aliyempenda.

Kwetu ilitokea Februari. Kocha mkuu wa kile chuo cha usiku wa Juni alihamia kwingine, na yule msaidizi akamfuata. Sikufurahi kama mtu aliyeshinda ubishi. Binti yangu alikuwa ameshaanza kuzoea rangi zao.

Mwili wa miaka kumi na mitano

Kocha anayetoa ofa mapema anacheza kamari kuhusu mwili ambao haujamaliza kukua. Akipata, amepata. Akikosa, ana miezi 17 ya kujitoa bila gharama. Mtoto ndiye anayebeba upande wa hasara.

Kwa wasichana wa soka kuna jambo la goti. Kano ya mbele ya goti hupasuka kwao zaidi kuliko kwa wavulana wa mchezo uleule, na umri wa sekondari ndio wenyewe. Mwenzake binti yangu, winga mwenye mbio za kutisha, alikubali chuo mwezi uleule wa Juni. Septemba goti likaenda. Hakuna aliyemwambia "ofa imefutwa". Meseji za kocha zilikuwa za kila wiki, zikawa za kila mwezi, kisha ikaja moja ya kumtakia heri ya sikukuu. Mtoto akaelewa mwenyewe.

Na kuna upande wa wanaochelewa kuchanua. Sisi Afrika Mashariki tuna mfano ambao sijui kwa nini hatuutaji zaidi. Paul Ereng alifika Chuo Kikuu cha Virginia akiwa mkimbiaji wa mita 400. Mwaka 1988 akahamia 800, na mwaka huohuo akachukua dhahabu ya Olimpiki Seoul. Michezo ileile Peter Rono, mwanafunzi wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's kule Maryland, akachukua dhahabu ya 1500. Kumpima Ereng akiwa na miaka 15 kungempa kocha jibu la mbio isiyokuwa yake.

Mtoto anayesubiri anapata mwaka mzima wa kuonekana akiwa karibu na umbo lake la kweli. Kwa aliyekomaa mapema hilo ni hatari, maana wenzake watamfikia. Mzazi mkweli anajua mtoto wake yuko kundi gani. Tazama viatu: mtoto ambaye saizi ya mguu haijabadilika kwa miaka miwili na anawashinda wenzake kwa nguvu tu, soko lake la juu huenda ni leo.

Kusubiri nako kuna bei

Wanaohubiri subira husahau kutaja bei yake. Nafasi hujaa. Kocha wa soka anayesajili watoto saba kwa mwaka akishapata mabeki wawili, hatafuti wa tatu kwa kuwa wewe ulikuwa unatafakari. Klabu, makambi ya kiangazi, video, hoteli za mashindano vinaendelea kula mshahara mwaka mwingine mzima.

Halafu kuna dirisha la uhamisho. Lilifunguliwa Oktoba 2018, na tangu 2021 wachezaji wamekuwa wakihama bila kukaa benchi mwaka mzima. Kocha mwenye nafasi moja sasa analinganisha mtoto wako wa miaka 17 na mtu mzima wa miaka 21 aliyekwisha cheza mechi sitini za chuo. Mara nyingi anachukua mtu mzima. Ukisubiri mpaka mwisho, hao ndio wapinzani wako.

Ila usidhani walioshika mapema walipona. Wakati suluhu ya House inakaribia, vyuo vilianza kupunguza vikosi ili viingie kwenye ukomo mpya, na waliokatwa ni pamoja na watoto wa sekondari waliokuwa wameahidiwa nafasi. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba Aprili 2025 jaji Wilken alikataa kupitisha suluhu mpaka waliopoteza nafasi watafutiwe njia. Njia ikapatikana: chuo kikiwarudisha, hawahesabiwi kwenye ukomo. Lakini kuwarudisha kuliachwa kuwa hiari ya chuo. Hebu fikiria mtoto aliyekataa vyuo vingine vinne kwa sababu alishatoa neno lake.

Hapo adabu zetu zinatugeuka. Sisi tumelelewa kwamba neno likitoka limetoka, na mtoto wetu akisema "nimekubali" hafungui tena meseji za kocha mwingine, anaona aibu. Wenzetu wengi wanakubali huku na kuendelea kusikiliza kule. Kama utamruhusu mtoto ashike ofa ya mdomo, mweleze wazi kwamba kujibu meseji ya chuo kingine kwa heshima si usaliti. Ukiona hilo linakukera, na mimi lilinikera, basi hiyo ni sababu tosha ya kutoshika mapema.

Yule mtoto wa aina moja

Jirani yetu, Mkongo wa Bukavu, binti yake anakimbia mita 400 kuruka viunzi. Alikubali ofa ya mdomo wiki ya kwanza baada ya Juni 15 ileile, na sijaona uamuzi mzuri kuliko ule. Baba yake alinieleza tukiwa tumeegemea gari, kwa ile lafudhi yake: "Ndugu yangu, niliondoa viunzi kichwani mwangu, nikaangalia kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa hiki. Chuo kiko saa moja na nusu kwa gari kutoka nyumbani. Kina uuguzi, na mtoto amesema uuguzi tangu yuko shule ya msingi. Alama zake zingemwingiza hata bila kocha kunyanyua simu. Na gharama za mkazi, kwa msaada wa serikali ambao familia yenye green card inaruhusiwa kuomba, wangezimudu hata asilimia ya kocha ikiwa sifuri. Ofa ya mdomo kwake ilikuwa nyongeza juu ya mpango ambao tayari ulisimama kwa miguu yake.

Huyo ndiye mtoto wa kushika mapema. Kocha akiondoka kesho, anabaki pale pale aliposema anataka kwenda. Binti yangu mimi, kwa chuo kile cha mbali, nilipoondoa mpira kilibaki chuo ghali katika mji ambao hatumjui hata mtu mmoja wa kumpelekea pilau akiumwa.

Kwa wote wawili, aliyeshika na aliyesubiri, kuna kitu kisichobadilika: bila masomo hakuna karatasi. Divisheni ya Kwanza inataka masomo ya msingi 16 ya sekondari kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la kumi na mbili. Mshauri wa shule hatakukumbusha. Nenda mwenyewe ukamwulize kama kila somo limo kwenye orodha ya NCAA.

Mlango ambao hauna ofa ya mapema ya fedha

Divisheni ya Tatu, yenye vyuo vingi kuliko divisheni nyingine yoyote, haitoi hata senti kwa ajili ya michezo. Wala vyuo vya Ivy League, vile vikongwe kama Harvard, ingawa vyenyewe viko Divisheni ya Kwanza. Wazazi wetu wakisikia hivyo wanafunga faili. Wanakosea. Huko fedha zinakuja kwa alama za darasani na kwa hali ya kipato cha familia, na familia nyingi zetu zinapata zaidi kwa kipato kidogo kuliko ambavyo mtoto angepata kwa mguu wa kulia. Msaada huo haujali goti. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka tarakimu ya chuo cha aina hiyo kwenye bahasha ileile.

Kwa ndugu walioko nyumbani wanaoniuliza kwa WhatsApp: habari ya ofa za utotoni haiwahusu sana. Njia ya Mwafrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani imekuwa ya watu waliokomaa. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, mtu mzima wa miaka 26. Suleiman Nyambui wetu alikuwa akisoma chuo cha UTEP, El Paso, na alikwishapita miaka 25 alipochukua medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kwenu jambo la kupima ni asilimia. Mwanafunzi wa viza ya F-1 hapati msaada wa serikali ya Marekani, hivyo "robo" kwake ni barua ya kutundika ukutani tu. Na anayewaomba hela ili awatafutie ofa, mwombeni kwanza barua pepe ya kocha yenye anwani ya chuo.

Tulivyofanya

Asubuhi ya Juni 16 binti yangu aliandika barua pepe fupi, kwa jina lake mwenyewe, mimi nikikaa pembeni na kujizuia kusahihisha. Alishukuru. Akauliza mambo matatu: nusu ni ya vitu gani, ni ya miaka mingapi kwenye karatasi, na kama anaweza kuja kutembelea Agosti kabla ya kujibu. Jibu lilirudi baada ya siku mbili, lenye alama nne za mshangao na picha ya uwanja. Tarakimu hazikuwamo hata moja.

Siku kumi zikapita. Usiku wa kumi alilia, akasema nimemfungia mlango. Siku ya kumi na mbili kocha akatuma meseji: nafasi bado ipo, hakuna haraka, Agosti karibuni. Kumbe siku kumi zilikuwa za kututikisa tu. Tulikwenda Agosti, tukapapenda, hatukukubali, na Februari yakatokea niliyoyasema. Novemba ya darasa la kumi na mbili alisaini chuo cha hapa jimboni, robo ya gharama, miaka minne imeandikwa. Bado huwa anafungua mechi za kile chuo cha kwanza kwenye simu, anatazama beki wa kati wao, hasemi kitu.

Mdogo wake yuko darasa la nane sasa. Jumamosi iliyopita, nikikunja viti pembeni ya uwanja, kocha wa klabu alinijia akaniambia kwa sauti ya chini kuna chuo kinamwulizia. Nikamwambia awasalimie, na kwamba Juni 15 ya mwaka wake simu itakuwa juu ya meza ya jikoni.